Dili za nyumba na viwanja Dodoma zinapatikana wapi, na kupitia kwa nani?

Swali la msomaji: Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma. Nina akiba ya shilingi milioni 30 na ninataka kuanza uwekezaji wa nyumba na viwanja taratibu. Kila dalali anaponipeleka mahali ninakuta bei imeshapanda, na zile dili nzuri ninasikia baadaye kwamba zimechukuliwa na wenye watu wao. Mtu asiye na ndugu ofisi ya ardhi wala jamaa benki anaanzia wapi kuwapata hao watu? Na je, nikiungana na wenzangu watatu wa ofisini itanisaidia?

Jibu: Ndugu yangu, wanaouliza kama wewe ni wengi, na baadhi yao wameshakata tamaa wakiamini kwamba soko la ardhi limefungwa kwa asiye na jamaa. Halijafungwa. Dili humfikia mtu ambaye jina lake linawajia watu haraka pale muuzaji anapojitokeza, na jina huja haraka kwa sababu watu wanajua hasa anachotafuta, wanajua atajibu siku hiyo hiyo, na wanajua kwamba akiahidi malipo atalipa. Hilo linajengwa mtaani kwa miezi kadhaa, na mtumishi mwenye mshahara wa kawaida analiweza kama anavyoliweza tajiri.

Uelewe kwanza kwa nini habari za mali inayouzwa husafiri kimya kimya. Kwetu hakuna daftari la wazi ambalo mwananchi anaweza kulifungua akaona nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani mwezi uliopita. Wathamini wana sheria yao ya mwaka 2016 na bodi inayowasajili, lakini dalali wa nyumba anaweza kuanza kazi leo akiwa na simu tu. Muuzaji naye ana sababu za kutotangaza: pengine anadaiwa, pengine ndugu hawajaafikiana, pengine hataki kazini wajue kwamba anahama. Kwa hiyo anamweleza mtu mmoja anayemwamini, ambaye mara nyingi ni jirani wa mpakani au fundi aliyemjengea. Huyo anamweleza dalali wa mtaani, dalali wa mtaani anampigia mwenzake wa mjini, na kila mkono unaopitiwa unaweka cha juu chake. Mwenye mali aliyetaka milioni 15 anatangaziwa kwa milioni 19, na picha zinapoingia kwenye simu yako zimeshazunguka katika makundi ya WhatsApp ya mji mzima. Kazi yako ni kusogea karibu na mwanzo wa mnyororo huo, mahali ambapo habari bado iko kwa jirani na fundi.

Huwezi kusogea hivyo katika mji wote kwa pamoja. Dodoma imetanuka mno tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku moja kwa moja, ikawa Jiji mwaka 2018, na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam ikaanza kufika Julai 2024. Wateja wa kila upande ni tofauti. Ng'ong'ona na Iyumbu wanategemea sana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Ihumwa na maeneo yanayoizunguka Mtumba yanawatazama watumishi wa Mji wa Serikali. Nkuhungu na Chang'ombe wana wapangaji wa biashara ndogo na familia zinazotaka kukaa karibu na mjini. Bei ya chumba, muda wa kukaa kwa mpangaji na aina ya nyumba inayotakiwa havifanani katika maeneo hayo. Chagua mitaa miwili inayopakana, ikiwezekana ile unayopita kila siku ukienda kazini, na uache mingine yote. Watu hushangaa ninapowaambia hivi kwa sababu wanaona wanajipunguzia nafasi, lakini mtu anayefahamu mitaa miwili kwa undani huona dili ambayo anayezungukia mitaa ishirini ataipita bila kuitambua.

Katika mitaa hiyo, anza kuandika bei. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na kwa mwekezaji daftari linatangulia hata hiyo mali yenyewe. Kila unaposikia kiwanja au nyumba inauzwa, andika bei iliyotajwa, na baada ya wiki kadhaa ulizia imeuzwa kwa kiasi gani hasa, kwa sababu tofauti kati ya bei ya kutajwa na bei ya kulipwa ndiyo inayokufundisha soko. Andika pia hali ya mali: kiwanja kimepimwa au bado, muuzaji ana hati miliki, barua ya toleo au karatasi za mauziano tu, maji ya DUWASA yamefika au watu wananunua kwa madumu, nguzo ya umeme iko umbali gani, gari linaingia wakati wa masika au linaachwa barabarani. Uliza kodi za vyumba vilevile, na uulize ni miezi mingapi vilikaa vitupu mwaka jana. Ukifika mahali ambapo mtu akikutajia kiwanja cha mita za mraba 600 nyuma ya shule fulani unajua papo hapo kama bei ni ya haki, utakuwa umepata kitu ambacho hata baadhi ya madalali hawana.

Sasa tuje kwa watu, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipolalia. Wengi wakisikia neno koneksheni huwaza ofisa mkubwa. Ofisa mkubwa hajui kwamba mzee fulani wa Iyumbu anataka kuuza boma lake, yaani nyumba ambayo haijapauliwa, arudi kijijini. Anayejua ni fundi mwashi aliyeishia kwenye lenta fedha zilipokwisha, na ndiyo maana ninamweka fundi mbele ya wote. Fundi mmoja mzuri anajua nyumba nyingi zilizosimama, anajua msingi upi ulijengwa kwa nondo za kutosha na upi ulilipuliwa, na anajua ni mwenye mali gani ameacha kupokea simu. Ukimpa kazi halali, hata ya kukarabati choo au kupiga plasta chumba kimoja, ukamlipa kwa wakati, atakukumbuka. Baada ya fundi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye anaona nani alikuwa akinunua saruji kila wiki na sasa ameacha, na wateja wengine humwachia hata funguo. Kisha kuna mjumbe wa shina, mwenyekiti wa mtaa, bodaboda wa kijiweni, mama lishe anayelisha mafundi, wazee wa kanisa na wa msikiti. Hawa wote uwaambie jambo moja, kwa maneno yaleyale kila mara: ninatafuta boma au nyumba ndogo yenye vyumba visivyopungua vinne, kati ya barabara hii na ile, bei isiyozidi kiasi hiki, na fedha ninayo. Mtu anayesema anatafuta kiwanja chochote kizuri cha bei nafuu hakumbukwi na yeyote, maana kila mtu anatafuta hicho.

Usipeleke maneno matupu, na usipeleke hongo. Mtu akikupa habari iliyozaa ununuzi, mlipe ujira wa kueleweka mliokubaliana tangu mwanzo, na mpe mbele ya shahidi. Akikupa habari isiyozaa, mshukuru, mwambie kwa nini hukununua, na mwachie nauli yake kama alipoteza muda. Jibu la "sijanunua kwa sababu mpaka una mgogoro na jirani" linamfundisha akuletee nini safari ijayo. Wanunuzi wengi huenda kutazama, wakasema watarudi, wasirudi wala kupokea simu. Aliyewaleta huaibika kwa mwenye mali na hawaiti tena. Wewe ukijulikana kwamba unajibu ndani ya siku moja, iwe ndiyo au hapana, utapigiwa kabla yao.

Kuhusu dalali, sikubaliani na wanaomwona kama adui. Dalali mzuri wa mtaani anafanya kazi ngumu ya kutembea juani na kusikiliza watu, na kazi hiyo ina thamani. Tatizo ni kutoelewana kuhusu anamfanyia nani kazi na analipwa na nani. Chagua madalali wawili au watatu wanaoishi katika mitaa uliyochagua, ukae nao mahali pa utulivu, na mkubaliane kwa maandishi mafupi kwamba udalali wake ni asilimia fulani ya bei ya mwenye mali, atalipwa siku mkataba unaposainiwa kwa wakili, na kwamba wewe utazungumza bei ana kwa ana na mwenye mali. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloondoa cha juu, na dalali atalikubali kama ana hakika kwamba hutamruka. Kumruka dalali, yaani kupata namba ya mwenye mali kupitia kwake kisha kumalizana pembeni, kunakuokolea kiasi kidogo mara moja na kukufungia mtaa mzima, kwa kuwa madalali huambiana. Kama kuna anayekudai fedha za kuonyeshwa nyumba kabla hujaona chochote, achana naye. Anayekuambia utoe kishika uchumba leo hii kwa sababu kuna mteja mwingine njiani, mjibu kwamba utatoa baada ya nyaraka kukaguliwa. Kama dili ni ya kweli, itasubiri saa chache.

Kundi la mwisho ni wataalamu: mpima, mthamini, wakili, ofisa mikopo, na watumishi wa ardhi wa Jiji. Hawa usiwatafute kama jamaa wa kukufungulia mlango wa nyuma. Watafute kama mteja anayelipa ada na kupewa risiti. Mpima binafsi anajua mashamba yanayoingia katika upimaji, na wakili anayeshughulikia mirathi anajua familia zilizokubaliana kuuza. Wakiona unalipa kwa wakati na hubabaishi, siku mteja wao atakapoomba watafutiwe mnunuzi makini watakutaja, bila kuvunja siri ya mtu. Ofisa wa ardhi anayekuahidi kiwanja kwa kupokea fedha mkononi ni hatari kwako kuliko kukosa kiwanja. Mji huu umeumizwa sana na viwanja vilivyogawiwa watu wawili, na wengi waliopoteza fedha zao waliamini kwamba wanapitia kwa mtu wao wa ndani.

Sasa, mali zenyewe hutokea wapi? Kwa akiba yako ningeweka macho kwanza kwenye maboma na nyumba zisizokamilika. Watumishi wengi walioletwa Dodoma walianza kujenga kwa mikopo ya mishahara, wakahamishwa mkoa mwingine au gharama zikawashinda kabla ya kupaua. Boma lililoachwa linamla mwenyewe: mvua inakula matofali, vibaka wanachukua mbao, na majirani wanalalamikia nyasi. Mwenye boma kama hilo anahitaji mnunuzi anayelipa kwa mkupuo, naye ukimkuta katika hali ya kuzungumza vizuri anakubali bei iliyo chini ya gharama alizotumia. Peleka fundi wako akague msingi, nguzo na unyoofu wa kuta kabla ya kuzungumza bei, kwa sababu boma lenye nyufa za msingi linaweza kukugharimu kuliko kuanza upya.

Chemchemi ya pili ni mirathi, na hapa ninaomba unisikilize kwa makini zaidi. Familia iliyobaki na nyumba ambayo warithi sita hawawezi kuishi pamoja ndani yake hulazimika kuuza ili kugawana, na mnunuzi mwenye subira hupata bei nzuri. Lakini usimwendee mjane wakati wa msiba, na usishughulike na mtoto mmoja anayejiita msemaji wa familia. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo uteuzi wake unaonekana kwenye Fomu Namba 4, na orodha ya mali za marehemu kwenye Fomu Namba 5. Soma fomu hizo, uhakikishe nyumba imo katika orodha, kisha uwaombe warithi wote watu wazima wasaini ridhaa mbele ya wakili, hata kama msimamizi anakuambia si lazima. Mirathi yenye watoto wadogo au wake wawili wasiosemezana uiache hadi wenyewe wamalizane. Kununua nyumba kwa bei ya chini kwa kutumia machungu ya watu ni dhuluma, na dhuluma hiyo mara nyingi hurudi kwako kwa njia ya kesi, maana mrithi aliyerukwa akija miaka mitano baadaye mahakama itamsikiliza.

Minada ya benki huvutia macho, hasa matangazo yanapojaa kurasa za Mwananchi na HabariLeo. Ninaiona kama uwanja wa waliokomaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa, inataka mdaiwa apewe notisi ya siku 60 kabla ya mkopeshaji kuuza, na mnada hutangazwa angalau siku 14 kabla. Masharti ya kawaida ni kulipa asilimia 25 papo hapo nyundo ikigongwa na kumalizia salio ndani ya majuma mawili. Ukishindwa, unapoteza ulichoweka. Sheria hiyohiyo inaweka dhana kwamba mkopeshaji amekosea kama ameuza kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, hivyo ile bei ya kutupa ambayo watu huiota ndiyo inayoalika kesi. Ongeza kwamba mwenye nyumba bado anaishi ndani, na kumtoa kunahitaji muda, fedha na moyo mgumu. Hudhuria minada ujifunze bei na uonane na watu, lakini mwaka wako wa kwanza usinunue.

Kuna pia wamiliki wa mashamba pembezoni mwa Jiji ambao hawana fedha za kupima. Hapo mwekezaji hugharamia mchoro wa mipango miji na upimaji, kisha wanagawana viwanja kwa uwiano waliokubaliana. Faida yake ni kubwa kuliko ya boma, na mitego yake pia. Barabara na maeneo ya huduma humega sehemu ya shamba, kibali kinaweza kuchelewa, na mwenye shamba akifariki katikati ya safari unaanza mazungumzo upya na warithi. Milioni 30 zinatosha kuingia, ila hazitoshi kusubiri, kwa hiyo ningeliacha jambo hili hadi uwe na mali nyingine inayokuingizia kipato.

Nikupe hesabu moja ili uone kwa nini mnyororo wa cha juu una uzito. Tuseme, kwa mfano tu, umepata boma karibu na chuo kwa milioni 15, umalizie vyumba sita kwa milioni 11, na gharama za wakili, ushuru wa stempu na mengineyo zifike milioni 1. Jumla ni milioni 27, na milioni 3 zinabaki mkononi kwa dharura. Vyumba sita vikipangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ukahesabu miezi kumi tu kwa sababu wanafunzi huondoka likizo, unapata milioni 3 kwa mwaka. Ukiondoa kodi ya Serikali ya asilimia 10 ya pango inabaki milioni 2.7, yaani asilimia 10 ya ulichowekeza, kabla ya matengenezo. Boma hilohilo likikufikia kwa milioni 19 baada ya mikono mitatu, jumla inakuwa milioni 31, akiba yako yote imekwisha na unadaiwa, na pato linashuka hadi chini kidogo ya asilimia 9. Linganisha namba hizo na faida ya hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu kipindi hicho. Kama hati fungani inakupa zaidi, bila choo kuziba wala mpangaji kuchelewesha, basi boma lazima liwe na sababu nyingine ya kununuliwa, kama vile kupanda kwa thamani ya ardhi unayoiona kwa ushahidi wa daftari lako.

Kila nilichosema kuhusu kujibu haraka kinategemea uwezo wa kukagua haraka, na huo unaandaliwa mapema. Uwe na wakili mmoja anayejua utaratibu na ambaye mmeshakubaliana ada. Mali yenye hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili uone jina la mmiliki, rehani na zuio lolote. Kwa Dodoma kuna jambo la ziada. Kuanzia mwaka 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ndiyo iliyogawa ardhi ya mji kwa mikataba ya miaka 33, na shughuli zake zilihamishiwa kwenye halmashauri ambayo sasa ni ya Jiji. Muuzaji akikuonyesha karatasi za CDA, fuatilia kama zimebadilishwa kuwa hati ya miaka 99, na kama kumbukumbu za Jiji zinasoma jina lake au la mtu mwingine. Mali isiyopimwa, zungumza na majirani wa mipaka yote minne, mmoja mmoja, bila dalali kuwepo. Ulizia pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna shauri.

Kama muuzaji ameoa au ameolewa, ridhaa ya mwenzi wake iandikwe, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya wanandoa, na mauzo yaliyofanywa na mmoja kwa siri huweza kubatilishwa. Pima umbali kutoka katikati ya barabara kuu, maana Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande, na ukiona ukuta una alama ya X au umepakwa rangi upya mahali pasipo na sababu, uliza TANROADS. Mhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kuthibitisha kwamba viongozi wanamjua muuzaji, lakini mwenyekiti hana mamlaka ya kuhamisha umiliki, na hiyo asilimia 10 ambayo baadhi yao hudai si kodi iliyowekwa na sheria. Kodi zilizopo kisheria ni ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, unaolipwa na mnunuzi, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi. Jadilianeni mapema nani analipa hiyo ya pili, kwa sababu muuzaji anayetaka bei yake ibaki mkononi bila makato anakuongezea gharama bila wewe kujua, na uhamisho hautakamilika kodi ikiwa haijalipwa. Ukitoa malipo ya awali kwa mali yenye hati, mwambie wakili wako aweke zuio kwa Msajili siku hizo hizo, ili muuzaji asiuze mara ya pili ukiwa unatafuta salio.

Nimalizie na wenzako watatu wa ofisini. Kuungana kunaongeza mtaji na macho mtaani, na ninakushauri mwanze na macho kabla ya mtaji: kila mmoja achukue mtaa wake, aandike bei, alete habari, na kila mtu anunue kwa jina lake kwa muda wa mwaka mmoja. Mtafahamiana zaidi katika mwaka huo kuliko mlivyofahamiana kazini, mtajua nani anajibu simu na nani anatoa visingizio. Mkiona mnaweza kununua pamoja, mwambieni wakili kwamba mnataka umiliki wa hisa zinazotambulika kwa kila mmoja, msikubali umiliki wa pamoja usiogawanyika, kwa sababu katika huo wa pili sehemu ya anayefariki huenda kwa wamiliki waliobaki na familia yake hubaki bila kitu. Katika mkataba wenu andikeni kila mmoja ametoa kiasi gani, nani anakusanya kodi na kuiweka katika akaunti gani, matengenezo yanaidhinishwa na wangapi, na mmoja akihamishwa kikazi au akihitaji fedha zake, wenzake wana miezi mingapi ya kumnunua na kwa bei iliyopangwa na mthamini yupi. Jina la mthamini huyo liwemo kabla hamjalipa hata shilingi ya kwanza.